Amana ya Siri za Raia: Faragha, Mawimbi ya Umma na Mipaka ya Dola

Swali la nani ana haki ya kumjua mtu, kwa kiasi gani na kwa madhumuni gani, ni kongwe kuliko simu, redio na kompyuta, ingawa katika Afrika Mashariki ya leo limejitokeza zaidi kwa sura ya sheria, kanuni na tume za serikali. Kila dola inayotunga sera ya mawasiliano hujibu maswali matatu kwa pamoja, hata kama haiyatamki: nani amiliki na kuendesha vyombo vya utangazaji, nani aruhusiwe kufuatilia mazungumzo ya watu, na nani atunze taarifa binafsi, yaani habari zozote zinazoweza kumtambulisha mtu fulani, kuanzia jina na namba ya kitambulisho hadi alama za vidole, rekodi za hospitali na orodha ya watu aliowapigia simu. Maswali haya kwa kawaida huachiwa wanasheria na wahandisi, lakini mizizi yake imo katika dini na falsafa, kwa kuwa jibu lolote hutegemea kwanza namna mtu anavyoeleweka na mahali yanapodhaniwa kutoka mamlaka ya kumtawala.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba taarifa za mtu zilizo mikononi mwa serikali au kampuni ni amana, na mwenye kuishika amana hana umiliki wa kile alichokabidhiwa. Masafa ya utangazaji, yaani njia za hewani zinazopitisha sauti na picha za redio na televisheni, nayo ni amana, isipokuwa mwenyewe ni umma mzima. Kutokana na hayo yanafuata majukumu mawili yanayokamilishana: kwamba mambo ya umma yawe wazi kwa umma, na kwamba mambo ya mtu yabaki kwa mtu mpaka pawe na sababu nzito ya kuyafikia. Dola hupotoka inapougeuza utaratibu huo juu chini, ikayafunika mambo yake na kuyafunua ya raia.

Haki inayoitangulia sheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haikuwa na sura ya haki za binadamu inayoweza kutetewa mahakamani mpaka yalipofanywa mabadiliko ya mwaka 1984, ambayo ndiyo yaliyoleta ibara ya 16 inayolinda nafsi, familia, maskani na mawasiliano ya mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilifafanua zaidi, kwani ibara yake ya 31, pamoja na kulinda maskani na mawasiliano, inakataza kumtaka mtu, pasipo ulazima, atoe habari za familia yake au za mambo yake ya faragha, yaani yale ambayo mtu ana haki ya kubaki nayo mwenyewe au na wale aliowachagua. Zilifuata sheria mahususi za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya mwaka 2019 na ya Tanzania mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Katika ngazi ya bara, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 haukuwa na ibara ya faragha, na mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na taarifa binafsi, uliopitishwa Malabo mwaka 2014, ulianza kutumika Juni 2023 tu.

Mfululizo huu wa tarehe unaweza kumfanya msomaji adhani kwamba faragha ni zawadi iliyotolewa na mabunge kidogo kidogo, na kwamba aliyeitoa anaweza kuichukua. Lakini ikiwa hivyo ndivyo, itabidi ikubalike kwamba Mtanzania wa mwaka 1983 hakuwa na faragha yoyote, na kwamba aliyemfungulia barua hakumkosea chochote, jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu angelikubali. Watu wa pwani na wa bara walipiga hodi na kungoja kukaribishwa muda mrefu kabla ya kuwapo bunge lolote, na aliyeingia bila kukaribishwa alijulikana kuwa amevunja heshima ya mtu pasipo kuhitaji kifungu cha sheria. Kurani, katika Sura ya An-Nur, inawaamuru waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyeji, na wakiambiwa warudi, warudi. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema kwamba sheria hizi zimeitambua haki iliyokuwapo, na kwamba kazi ya bunge ni kuiwekea ulinzi, wala si kuiumba.

Jicho linaloona na sitara inayofunika

Hoja inayosikika mara nyingi dhidi ya faragha ni kwamba asiye na kosa hana cha kuficha. Hoja hii ina mvuto, kwa sababu inaonekana kuwatenga wema na waovu na kuwaahidi wema kwamba hawatadhurika. Katika mapokeo ya Kiislamu kipo kisa cha kale, kilichopokewa na kunukuliwa pia na Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambacho kinaijibu hoja hiyo kwa ukamilifu wa kushangaza. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar ibn al-Khattab, aliyetawala kati ya mwaka 634 na 644, alikuwa akizunguka Madina usiku akasikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi, akamkemea. Mtu yule akamjibu kwamba ikiwa yeye amemwasi Mungu katika jambo moja, Khalifa amemwasi katika matatu: amepeleleza ilhali upelelezi umekatazwa, ameingia kwa kupanda ukuta ilhali nyumba huingiwa mlangoni, na ameingia bila ruhusa wala salamu. Umar, kwa mujibu wa kisa hicho, akamwacha akaenda zake.

Uzito wa kisa hiki upo katika ukweli kwamba mtu yule alikuwa na kosa, na bado haki yake ilisimama. Kisa hakimsafishi, wala hakidai kwamba maasi yake yalikuwa jambo dogo. Kinachodai ni kwamba kosa la mtawaliwa halihalalishi kosa la mtawala, na kwamba namna ya kuupata ukweli ina hukumu yake yenyewe, tofauti na hukumu ya ukweli uliopatikana. Faragha basi haikuwekwa kwa ajili ya wasio na hatia peke yao, kama ambavyo haki ya kusikilizwa mahakamani haikuwekwa kwa ajili ya wasio na hatia peke yao. Pia ni muhimu kwamba aliyekosolewa ni mtawala anayesifiwa kwa uadilifu kuliko wengi, kwani kama haki ya raia ingetegemea wema wa mtawala, Madina ya Umar ndipo mahali ambapo isingehitajika.

Ipo sababu ya ndani zaidi inayozifanya dini zilinde siri ya mtu. Injili ya Mathayo, katika sura ya 6, inamwelekeza anayesali aingie chumbani na kufunga mlango, na anayetoa sadaka atoe kwa siri. Uislamu nao huhesabu riya, yaani kutenda wema ili watu waone, kuwa maradhi yanayoiharibu ibada. Katika mapokeo yote mawili wema huthibitika pale ambapo mtu angeweza kutenda vinginevyo bila mwanadamu yeyote kujua. Mtu anayetazamwa kila wakati anaweza kuwa mtiifu, lakini ni vigumu kujua, hata kwake mwenyewe, kama ni mwema. Vivyo hivyo kwa toba: Mtaguso wa Nne wa Laterano wa mwaka 1215 ulipowalazimisha waumini kuungama walau mara moja kwa mwaka, uliweka pia adhabu kali kwa padri atakayefichua alichoungamiwa, kwa kuwa ungamo lisilo na siri lingegeuka kuwa mahojiano.

Waumini wa dini hizi husadiki kwamba yupo anayeona yote, na kutokana na imani hiyo wengine hudhani kwamba kutazamwa na dola si jambo jipya kwa mcha Mungu. Lakini Mungu anayeona yote katika imani hizo ni huyo huyo anayesitiri, anayesamehe na anayengoja. Mamlaka ya kibinadamu yanayojitafutia jicho la kuona yote bila sitara wala msamaha huwa yamejitwalia nusu ya sifa isiyo yao na kuiacha nusu nyingine, tena ile inayomfanya mtu aweze kuvumilia kuonekana. Kompyuta inayohifadhi kosa la kijana wa miaka kumi na tisa mpaka afikishe miaka sitini haina uwezo wa kusahau, na kwa sababu hiyo ni wajibu wa wanadamu kuiwekea ukomo.

Dharura na mipaka yake

Haitakuwa haki, hata hivyo, kusema kwamba dola isipeleleze kamwe, kwa kuwa wapo wanaotumia siri kuua, kuiba na kuuza watoto. Mwanasheria wa Baghdad, al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliandika kuhusu jambo hili katika kitabu chake kuhusu hukumu za utawala, alipoeleza kazi ya muhtasib, yaani ofisa aliyesimamia soko na maadili ya umma. Alishikilia kwamba ofisa huyo hana ruhusa ya kuchunguza maovu ambayo hayajadhihirika, isipokuwa pale ambapo mtu mwaminifu amemletea habari za tendo ambalo likishatendeka halirekebishiki, kama vile mtu kumtenga mwenzake ili amuue. Hapo anaruhusiwa kuchunguza na kuingilia kabla madhara hayajatokea. Ndani ya ruhusa hii moja mna masharti matatu: pawe na habari mahususi kutoka kwa mtu anayeaminika, madhara yanayohofiwa yawe makubwa na yasiyorekebishika, na uchunguzi umlenge mhusika na tendo, usienee kwa mtaa mzima.

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania, katika kifungu chake cha pili, inaelekea upande huo huo inapoitaka mamlaka ya nchi iweke kwa sheria hali, namna na kiasi cha kuingilia faragha. Ugumu huanza pale sheria zinapotungwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilimpa mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa cheo kinacholingana naye, uwezo wa kutoa amri ya kumtaka mtu yeyote mwenye taarifa zinazohitajika kwa upelelezi azikabidhi, bila kumpitia hakimu kwanza. Kampuni inayoendesha mtandao wa JamiiForums ilikipinga kifungu hicho, cha 32, mbele ya Mahakama Kuu, nayo mwaka 2017 ilikataa kukibatilisha. Mahakama ilikuwa na sababu zake za kisheria, lakini swali la kifalsafa halijaondoka, nalo ni kama mtu mmoja anaweza kuwa mwenye kushuku, mwenye kuamua kwamba shaka inatosha, na mwenye kutekeleza. Khalifa wa kisa cha Madina alikuwa yote matatu kwa usiku mmoja, na kasoro ilikuwa hapo. Hakimu asiye na haja na matokeo ya upelelezi anahitajika kwa sababu hata mtu mwadilifu hupofushwa na shauku ya kazi yake.

Amana na anayeishika

Wahenga walisema kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha, na katika desturi ya kuosha maiti mna kielelezo kamili cha namna ya kuishika siri ya mwingine. Mwosha huuona mwili ambao mwenyewe aliusitiri maisha yake yote, na huuona kwa sababu ya lazima isiyokwepeka. Lakini hata wakati huo nguo huwekwa juu ya uchi, mkono hupita chini ya nguo, wasiohusika hutolewa nje, maji hayamwagwi zaidi ya yanayohitajika, na kazi ikishakwisha mwosha hasimulii kovu wala kilema alichokiona. Hakuna anayefikiri kwamba kwa kuwa mwosha ameuona mwili, basi mwili umekuwa wake. Haki yake ya kuona ilizaliwa na haja, na haja ilipokwisha ikafa.

Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya na Tanzania, zikisomwa bila haraka, zinasema jambo hilo hilo kwa lugha ya kiserikali: kwamba taarifa zikusanywe kwa madhumuni yaliyotajwa na halali, zisizidi zinazohitajika kwa madhumuni hayo, zisitumiwe kwa jambo jingine, zisitunzwe zaidi ya muda unaohitajika, na mwenyewe awe na haki ya kuziona na kuzirekebisha. Kinachobaki ni kuona kama masharti hayo yanashikwa pale ambapo raia hukutana na mashine. Tanzania ilianza tarehe 1 Mei 2019 kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Usajili mwingi ulifanyika kando ya barabara, kwa wakala aliyeketi chini ya mwavuli na kifaa kidogo cha kusoma vidole, ambapo mteja alitaja namba yake ya kitambulisho cha taifa mbele ya waliosimama foleni na kuweka kidole kama alivyoambiwa, mara moja au zaidi. Baadaye raia waliopiga *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao walikuta nyingine wasizozitambua, na ujumbe wa kitapeli unaomtaka mtu atume pesa kwenye namba nyingine haukukoma.

Lengo la usajili lilikuwa jema, kwani wizi wa kwenye simu unawaumiza zaidi maskini, na serikali isiyojali ingekuwa na lawama yake. Hata hivyo tukio hilo linaonyesha kwamba amana haivunjwi na wapelelezi peke yao; huvunjwa pia na uzembe, pale ambapo mnyororo wa mikono inayoishika siri ni mrefu na hakuna mkono hata mmoja unaojua kwamba umeshika amana. Kidole hakiwezi kubadilishwa kama namba ya siri, na mtu ambaye alama zake zimetumiwa vibaya hana pa kwenda kuchukua nyingine.

Kuhesabiwa

Kitabu cha pili cha Samweli, katika sura yake ya 24, kinasimulia jinsi Mfalme Daudi alivyoamuru watu wahesabiwe, jinsi jemadari wake Yoabu alivyojaribu kumzuia bila kufanikiwa, na jinsi tauni ilivyoiangukia nchi baada ya hapo. Wafasiri wametaabishwa na habari hii, kwa kuwa Biblia hiyo hiyo ina kitabu kizima kinachoitwa Hesabu na haikatazi sensa. Jibu linaloelekea kuwa na nguvu ni kwamba waliohesabiwa na Daudi walikuwa wanaume wenye kushika upanga: mfalme alitaka kujua ukubwa wa nguvu zake, wala si haja za watu wake. Kuhesabu ili kugawa chakula na kuhesabu ili kujivunia umiliki ni matendo mawili, hata kama fomu ni moja.

Kwa sababu hiyo, wasiwasi wa kidini uliojitokeza Kenya mwaka 2019 wakati wa usajili wa Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mkazi, haukustahili kudharauliwa. Baadhi ya Wakristo waliihofia namba hiyo kuwa alama ya mnyama inayotajwa katika Kitabu cha Ufunuo, na wasomi wengi walilipuuza jambo hilo kama ushirikina. Lakini chini ya hofu hiyo lilikuwapo swali halali, la kama mtu anaweza kuzuiwa kununua, kuuza, kutibiwa na kusoma mpaka awe na namba. Sheria iliyouanzisha mfumo huo mwaka 2018 iliruhusu kukusanywa umbo la ndewe za masikio, mboni za macho, mawimbi ya sauti, vinasaba, yaani chembechembe za urithi zinazotambulisha ukoo mzima, pamoja na mahali hasa mtu anapoishi kwa kipimo cha setilaiti. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani lilikuwa Nubian Rights Forum, shirika la Wanubi, jamii iliyotokana na askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza na ambayo kwa miongo mingi imehangaishwa katika kutafuta vitambulisho. Wao walijua kwa uzoefu kwamba daftari linaloweza kumtambua mtu linaweza pia kumkana.

Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Pauline Nyamweya, Mumbi Ngugi na Weldon Korir, waliamua kwamba kukusanya vinasaba na mahali mtu anapoishi kulikuwa kinyume cha Katiba, na kwamba mfumo wenyewe ungeendelea tu baada ya kuwekwa utaratibu wa kisheria unaotosha. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akatamka kwamba utoaji wa kadi za Huduma ulikuwa batili kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari zake kwa taarifa za watu, kama ilivyotakiwa na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019. Hukumu hizi hazikumnyima mfalme haki ya kuhesabu; zilimtaka aseme anahesabu kwa ajili ya nani.

Kadi, redio na mawimbi ya umma

Wapo wanaodhani kwamba sera ya utangazaji na sera ya taarifa binafsi ni mambo mawili yasiyohusiana. Historia ya Rwanda inaonyesha kwa uchungu jinsi yanavyoshikamana. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ulianza kutoa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mwenyewe, na utaratibu huo ukaendelea baada ya uhuru wa mwaka 1962. Mwaka 1993 kilianzishwa kituo binafsi cha redio, RTLM, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kadi zile zilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani na kuamua nani apite na nani auawe, huku redio ikitaja majina ya watu na mahali walipokuwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 waanzilishi wawili wa kituo hicho, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, Hassan Ngeze. Na ingawa rufaa ya mwaka 2007 ilifuta sehemu ya makosa na kupunguza vifungo, haikuwaachia huru.

Somo la Rwanda ni la namna mbili. Kwanza, karani aliyejaza neno moja kwenye kadi miaka sitini kabla hakujua kadi hiyo ingekuja kutumiwa na nani, na ndiyo sababu haitoshi kuuliza kama serikali iliyopo madarakani inaaminika. Ni lazima kuuliza itakayoirithi inaweza kufanya nini na kilichokusanywa. Pili, uhuru wa kumiliki redio hauwezi kuwa uhuru wa kuitumia kuangamiza watu, na dola inayosimamia masafa kwa haki inatimiza wajibu wake. Shida ni kwamba somo la pili limetumiwa mara nyingi kuhalalisha ukimya.

Tanzania iliifanya redio kuwa chombo cha serikali mwaka 1965, ilipoundwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa karibu miaka thelathini, mpaka ilipopitishwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, hapakuwa na redio binafsi Tanzania Bara. Umiliki huo ulileta mema ambayo si haki kuyasahau, yakiwamo kukuza Kiswahili na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo iliwakusanya watu katika vikundi vya kusikiliza redio na kuchimba vyoo. Lakini sauti moja, hata ikiwa nzuri, haiwezi kujisahihisha. Soko lilipofunguliwa, hatari nyingine ilijitokeza, ya masafa kuangukia mikono michache yenye fedha na siasa, na hapo umma hubadilishiwa bwana tu.

Kwa upande wa Kenya, ibara ya 34 ya Katiba inataka leseni za utangazaji zitolewe kwa utaratibu ulio huru dhidi ya serikali na maslahi ya kisiasa na ya kibiashara. Hata hivyo tarehe 30 Januari 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipoapishwa na wafuasi wake kuwa rais wa wananchi katika bustani ya Uhuru Park, serikali ilizima mitambo ya vituo vikubwa vya televisheni, vikiwamo Citizen, KTN na NTV. Mahakama Kuu iliamuru tarehe 1 Februari virejeshwe, lakini amri haikutekelezwa mara moja, na ilipita zaidi ya wiki moja tangu kuzimwa kabla vyote havijarudi hewani. Kilichofichwa siku zile lilikuwa tukio la hadharani, lililofanyika mchana katika bustani ya umma. Mwaka uliofuata serikali hiyo hiyo iliwaandikisha raia wake chini ya sheria iliyoruhusu kuchukuliwa mpaka umbo la masikio yao. Hapo ndipo kugeuzwa kwa utaratibu kunapoonekana wazi: la umma likafunikwa, la mtu likadaiwa.

Je, faragha ni jambo la kigeni?

Pingamizi moja zito linabaki, nalo ni kwamba faragha ni wazo la Kimagharibi la mtu anayejitenga na wenzake, ilhali utu wa Kiafrika hujengwa juu ya msingi wa mtu ni watu, na kijijini kila mtu anajua habari za kila mtu. Pingamizi hili lina ukweli kuhusu thamani ya ujirani, lakini linachanganya aina mbili za kujuana. Jirani anayejua habari zako, nawe unazijua zake. Akizisema vibaya utamfuata barazani na wazee watakaa. Hata katika mfumo wa nyumba kumi kumi ulioenezwa Tanzania na TANU, chama tawala cha zamani, mjumbe alikuwa mtu wa mtaa huo huo, anayejulikana kwa sura na mlango. Mfumo wa kompyuta unaomjua raia bila raia kuujua, katika ofisi asiyoijua, kwa muda asioujua, hauna uhusiano wowote na ujamaa huo. Uko karibu zaidi na gereza lililobuniwa na Mwingereza Jeremy Bentham mwishoni mwa karne ya 18, ambamo mlinzi angewaona wafungwa wote nao wasimwone.

Tena si kweli kwamba jamii za huku hazikuijua mipaka. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa zikiwa na daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye baraza pande mbili, ambapo wageni walipokewa na mambo ya mji yakazungumzwa waziwazi. Lakini njia ya kuingilia ilipinda, ili mpita njia asione kiwanda, yaani uwanja wa katikati ya nyumba, sembuse vyumba vya ndani. Waliozijenga walikuwa watu wa jamii na wa dini, na walijua kwamba baraza na ndani huhitajiana: mtu asiye na pa kujisitiri huogopa kukaa barazani, na mji usio na baraza hauna mahali pa kumhoji mkubwa. Kauli kwamba faragha ni ugeni haina ushahidi katika kuta hizo.

Hukumu inayotokana na haya yote ni kwamba mtawala au mfanyabiashara anayeshika taarifa za watu anapaswa kuthibitisha haja yake kwanza, achukue kwa kipimo cha haja hiyo, ajibu mbele ya hakimu asiyemtegemea, na afute haja inapokwisha; na kwamba anayesimamia masafa anapaswa kuwa wa mwisho kunufaika na ukimya. Wabunge wanaotunga sheria hizi wazipime kwa kufikiria mpinzani wao akiwa ndiye mwenye kuzitumia. Viongozi wa dini, ambao vitabu vyao vimejaa maneno juu ya siri, amana na upelelezi, wasiliache jambo hili kwa mafundi. Na raia naye ana wajibu wake: sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zimempa haki ya kuuliza ni taarifa zipi zake zimeshikwa, kwa nini, na kutaka zenye makosa zirekebishwe, na zote mbili zimeweka ofisi ya kupeleka malalamiko. Haki hiyo isipoulizwa itabaki karatasini. Basi na aulize, kwa maandishi, na asikubali kuondoka bila jibu.